Dawa Unazomeza na Bakteria wa Tumboni: Mwongozo Kamili wa Kabla, Wakati na Baada ya Dozi

"Dokta, nipatie Flagyl na Cipro za siku tano, tumbo limenikamata tangu juzi."

Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa anaijua sentensi hii. Nilipokuwa mgeni kazini nilihesabu vidonge, nikapokea pesa, basi. Siku hizi nauliza kwanza. Choo kina damu? Una homa? Na mwezi huu uliopita umemeza dawa gani nyingine? Swali la mwisho huwashangaza wengi, lakini ndilo lenye faida kubwa, maana mara kwa mara jibu huwa: "Nilikuwa na jino, nikapewa Amoxiclav, nimemaliza juma lililopita." Hapo mambo yanabadilika. Huenda tumbo la mtu huyu halijavamiwa na mdudu mpya. Limepungukiwa na walinzi wake, naye amekuja kununua dawa ya kuwamaliza waliobaki.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: anayemeza antibaiotiki mara mojamoja, mwenye kisukari anayetumia metformin kila siku, aliyezoea omeprazole kwa sababu ya vidonda vya tumbo, mama anayepewa dawa ya kuongeza damu. Haukuambii uache dawa uliyoandikiwa. Unakuonyesha la kuuliza kabla ya kumeza, la kufanya ukiwa kwenye dozi, na namna ya kulilea tumbo dozi ikiisha.

Wafahamu kwanza wakazi wenyewe

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 inakadiria kuwa mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni trilioni 30 hivi. Bakteria hao wote pamoja wana uzito wa kama gramu 200 tu, na karibu wote wanaishi katika utumbo mpana. Wanachachusha nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na katika uchachushaji huo wanatoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Wanatengeneza sehemu ya vitamini K. Wanageuza nyongo. Na jambo ambalo watu husahau: wanakalia nafasi. Mkulima anajua kwamba shamba likiachwa tupu, magugu hayachelewi.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha matumbo ya Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi na ya wakazi wa California. Mhadza mmoja alikuwa na wastani wa aina 730 za vijidudu hivi. Mmarekani alikuwa na 277. Wahadza hula mizizi, ubuyu, asali, matunda ya porini na nyama ya mawindo, na nyuzinyuzi wanazopata kwa siku zinafika gramu 100 na kuzidi. Tofauti hiyo imeletwa na mambo mengi kwa pamoja, dawa zikiwa mojawapo tu. Hata hivyo, mtu wa mjini kwetu anayekula sembe, chipsi mayai na soda, kisha akameza antibaiotiki kwa kila kikohozi, tumbo lake linaelekea California.

Dawa inawagusa wakazi hawa kwa njia kadhaa. Nyingine inawaua moja kwa moja. Nyingine inabadilisha mazingira yao, kwa mfano kupunguza asidi ya tumbo au kuharakisha choo. Nyingine inakuwa chakula cha baadhi yao. Na usidhani ni antibaiotiki peke yake: mwaka 2018 maabara moja ya Heidelberg, Ujerumani, ilizijaribu dawa zaidi ya 1,000 dhidi ya aina 40 za bakteria wa tumboni, na karibu robo ya zile ambazo si antibaiotiki zilizuia angalau aina moja isikue. Majaribio hayo yalifanyika kwenye vyombo vya maabara. Ndani ya mwili wa mtu mambo huwa na mengi zaidi.

Kuna pia njia ya kinyume, yaani bakteria kuigusa dawa. Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza prontosil, dawa iliyoponya panya walioambukizwa ingawa kwenye chupa haikuua kitu. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha kwamba dawa halisi ni kipande kinachobaki prontosil inapovunjwa mwilini, na baadaye ikajulikana kuwa bakteria wa tumboni ndio wavunjaji wakubwa. Septrin tunayoijua ina dawa ya ukoo huohuo wa salfa. Mfano mwingine ni digoxin ya moyo: kwa baadhi ya watu, bakteria aitwaye Eggerthella lenta huipunguza nguvu tumboni. Mgonjwa kama huyo akipewa antibaiotiki inayomuua bakteria huyo, kiwango cha digoxin katika damu kinaweza kupanda hadi cha hatari. Kwa hiyo ukiwa unatumia digoxin au warfarin, ile ya kuzuia damu isigande, mwambie kila anayekuandikia antibaiotiki, hata kama ni ya siku tatu.

Hatua ya kwanza: andika kila unachomeza

Chukua karatasi. Andika jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, miligramu zake, umeanza lini, nani alikupa, na kwa ajili ya nini. Usiache nje dawa ya maumivu unayonunua dukani, ya gesi, ya kuongeza damu, ya minyoo, miti shamba, wala chai za "kusafisha tumbo". Hizi chai nyingi zina majani ya sena, yaani ni dawa ya kuharisha, na kuharisha kila wiki kunawasomba bakteria pamoja na maji na chumvi za mwili.

Kisha weka alama kwenye dawa ambayo hukumbuki inatibu nini. Utashangaa. Hiyo ndiyo ya kwanza kuipeleka kwa daktari au mfamasia na kumuuliza: bado ninaihitaji?

Hatua ya pili: uliza kabla ya kupokea antibaiotiki

Nitakaa sana hapa kwa sababu hakuna dawa inayolitikisa tumbo kama antibaiotiki, na hakuna inayotolewa ovyo kama hiyo.

Kuhusu ukubwa wa pigo, kuna utafiti wa mwaka 2018 ambao wanaume 12 wenye afya walipewa antibaiotiki tatu kali kwa siku nne tu. Bakteria wao wengi walirudi baada ya mwezi mmoja na nusu. Lakini aina tisa zilizokuwamo matumboni mwao wote kabla ya dawa hazikuonekana tena kwa wengi wao hata baada ya siku 180. Siku nne za dawa, na kwa wengi miezi sita bila wakazi hao.

Maswali ya kuuliza ni haya. La kwanza: tuna uhakika gani kwamba huu ni ugonjwa wa bakteria? Mafua, koo linalowasha lenye kikohozi na makamasi, na sehemu kubwa ya kuharisha kwa watoto husababishwa na virusi, na antibaiotiki haiwagusi virusi. Homa ipimwe malaria kwanza. Na kuna ile karatasi tunayoijua sote, yenye "taifodi na UTI" kwa pamoja. Kipimo cha Widal cha mara moja hakitoshi kumthibitishia mtu taifodi. Kinaweza kuonyesha alama za maambukizi ya zamani au za mdudu mwingine kabisa. Uliza kama damu au mkojo unaweza kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara bakteria wakue na kutambuliwa. Kuotesha kunachukua siku kadhaa na kuna gharama, najua, na mgonjwa mahututi hasubiri. Lakini aliye na nafuu ya kusubiri, asubiri.

La pili: je, hii ni dawa ya mstari wa mbele au ya akiba? Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibaiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kuangaliwa kwa uangalifu, na za akiba. Amoxicillin na metronidazole, ndiyo Flagyl, ziko kundi la kwanza. Ciprofloxacin, azithromycin na ceftriaxone, ile sindano maarufu, ziko kundi la pili. Si kosa kupewa ya kundi la pili ukiwa na sababu. Kosa ni kupewa kwa sababu mteja aliyetangulia naye alipewa. Hata ndani ya kundi la kwanza kuna tofauti: Amoxiclav, yaani amoxicillin iliyoongezewa clavulanate, huharisha zaidi kuliko amoxicillin tupu, kwa hiyo kama amoxicillin inatosha, hakuna haja ya kupandisha.

La tatu: siku ngapi? Dozi nyingi leo ni fupi kuliko za zamani. Nimonia ya kawaida ya mtoto mara nyingi hutibiwa kwa amoxicillin ya siku tatu hadi tano. Fuata idadi uliyoandikiwa, usipunguze wala kuongeza, na usibakize vidonge vya "siku nyingine" au vya jirani.

Wapo ambao mwongozo huu hauwapi ruhusa ya kusita hata kidogo. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza rifampicin na wenzake kwa miezi sita, na ndiyo, tumbo lake linabadilika. Lakini kifua kikuu kinaua na dozi inakamilishwa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyeandikiwa Septrin ya kila siku aendelee nayo mpaka kliniki itakapomwambia. Hapo faida imezidi hasara mara nyingi.

Kati ya 2014 na 2017, jaribio kubwa katika Niger, Malawi na Tanzania, kwetu ikiwa Kilosa, liliwapa watoto wadogo azithromycin mara mbili kwa mwaka. Kwa nchi zote tatu pamoja, vifo vya watoto vilipungua kwa kama asilimia 13.5, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilionekana Niger. Huko huko Niger, watoto waliopewa dawa walikutwa na vinasaba vingi zaidi vya usugu dhidi ya dawa za aina hiyo ndani ya matumbo yao. Uhai wa watoto umeokolewa, na gharama imelipiwa tumboni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mwaka 2020 halikupendekeza dawa hiyo igawiwe kila mahali, bali lilifikiria maeneo yenye vifo vingi mno vya watoto.

Hatua ya tatu: ukiwa kwenye dozi

Meza kwa ratiba. Amoxiclav imezwe mwanzoni mwa mlo, shida ya tumbo hupungua. Metronidazole nayo iende na chakula, na pombe isiguswe mpaka zipite siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho. Doxycycline imezwe kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima, usilale papo hapo, la sivyo itakuunguza umio.

Kuna mtego hapa kwa wenye nia njema. Mtu amesikia kwamba mtindi unasaidia bakteria, anameza Cipro kwa mtindi. Kalsiamu ya maziwa inaishika dawa na kuizuia isiingie mwilini, hivyo anapata madhara ya dawa bila tiba yake. Cipro imezwe saa mbili kabla ya maziwa au mtindi, au saa sita baadaye. Vidonge vya kuongeza damu, zinki na dawa za asidi za kutafuna vina tatizo hilohilo. Doxycycline nayo iachanishwe na vitu hivyo kwa saa kadhaa.

Chakula kiendelee kuwa cha kawaida: uji, ugali, maharage laini, ndizi, mboga. Kujinyima kula kunawanyima pia bakteria waliosalia.

Kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, dada zangu huulizwa hivi na wenzao kila siku: "Antibaiotiki si inaharibu vidonge?" Inayojulikana kweli kuvidhoofisha ni rifampicin pamoja na ndugu yake rifabutin, kwa kulifanya ini liondoe homoni haraka. Antibaiotiki za kawaida kama amoxicillin hazina shida hiyo, isipokuwa ukitapika au ukiharisha sana kiasi kwamba kidonge hakikai tumboni. Hapo tumia kinga ya ziada.

Hatua ya nne: ukianza kuharisha

Kuharisha kutokana na antibaiotiki kunawapata watu wengi, kati ya mmoja kwa kila ishirini hadi mmoja kwa kila watatu, kutegemea dawa. Mara nyingi ni kwa upole na hukoma dozi ikiisha. Kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS, na soma kwenye pakiti ni maji kiasi gani, kwa sababu pakiti hazilingani. Ikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Mtoto anayeharisha apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita.

Usimeze Flagyl nyingine kwa kubahatisha. Na usikimbilie loperamide ya kufunga choo ikiwa kuna damu au homa.

Hatari ya kuiangalia inaitwa Clostridioides difficile. Ni bakteria anayeweza kukaa kimya tumboni au kuokotwa hospitalini, kisha walinzi wakishaondolewa na antibaiotiki anaongezeka na kutoa sumu inayochubua utumbo mpana. Alitambuliwa mwaka 1978 kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa uliokuwa umehusishwa na clindamycin. Leo tunajua karibu antibaiotiki yoyote inaweza kumfungulia mlango, na anaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya dozi. Nenda hospitali ukiharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku bila kupungua, ukiwa na maumivu makali ya tumbo, tumbo kujaa, homa, damu chooni, au kizunguzungu cha kukaukiwa maji. Ukifika, sema neno hili mapema: "Nilimeza antibaiotiki fulani, tarehe fulani." Nyumbani nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kile kitakasa mikono cha spiriti hakiui mbegu za bakteria huyu.

Utando mweupe mdomoni au muwasho ukeni baada ya dozi ni fangasi waliopata nafasi. Unatibika, ila kwa dawa ya fangasi, si kwa antibaiotiki nyingine.

Hatua ya tano: kulilea tumbo baada ya dozi

Watu wengi huuliza wanunue kopo gani la probayotiki, yaani vijidudu hai vizuri vya kumeza. Nami huwarudisha sokoni kwanza.

Bakteria waliobaki wanataka nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa kama nusu ya kiasi hicho. Ongeza kunde, choroko, mbaazi, dengu. Badili sembe kwa dona. Kula mchicha, matembele, kisamvu, viazi vitamu, ndizi mbichi za kupika, ubuyu, maembe, mapapai, karanga. Kiporo cha viazi au cha ugali kina faida yake pia: wanga ukipoa, sehemu yake inageuka kuwa ngumu kumeng'enywa, inapita hadi utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria. Kihifadhiwe vizuri tu na kipashwe moto sawasawa. Panda taratibu, ongeza kidogo kila siku mbili tatu, kwa maana tumbo lililozoea mkate mweupe likishushiwa bakuli la maharage siku ya kwanza litajaa gesi na utakata tamaa.

Vyakula vilivyochachushwa tunavyo tangu mababu. Mtindi, maziwa mgando, mala ya Kenya, na togwa. Watafiti wa Kitanzania walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wadogo waliolishwa togwa walipungukiwa na vimelea wa kuharisha katika choo chao. Mwanza nako, tangu 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wa Fiti wenye bakteria maalumu kwa kushirikiana na chuo kikuu kutoka Kanada, na watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliutumia kama lishe. Ukitengeneza nyumbani, chemsha maziwa kwanza, yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie mbegu. Maziwa mabichi yanaambukiza bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe.

Sasa kopo la probayotiki. Ushahidi ni wa pande mbili na nitausema wote. Aina kama Lactobacillus rhamnosus GG na hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, zikianzwa mapema pamoja na antibaiotiki, hupunguza kuharisha kwa baadhi ya watu. Hamira haiuawi na antibaiotiki. Bakteria anauawa, kwa hiyo yeye amezwe saa mbili baada ya dawa. Lakini utafiti wa Israeli wa 2018 uliwapa watu wenye afya Cipro na Flagyl kwa wiki moja, kisha baadhi wakapewa probayotiki ya mchanganyiko wa aina 11. Hao walichelewa kurudishiwa bakteria wao wa asili kuliko wenzao walioachwa bila kitu. Wageni walikalia viti vya wenyeji. Kwa maoni yangu, kopo lina nafasi kwa aliyewahi kuharisha vibaya kwa antibaiotiki, litumiwe wakati wa dozi na siku chache baada yake, kisha liwekwe kando. Wasiopaswa kulitumia bila daktari ni watoto waliozaliwa njiti, waliolazwa wakiwa mahututi, wenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na wenye kinga dhaifu sana.

Hatua ya sita: dawa za kila siku

Omeprazole. Asidi ya tumbo huua wadudu wengi tunaowameza. Ukiizima kwa miezi, bakteria wa mdomoni wanashuka na kujipatia makazi utumboni. Tafiti za Uholanzi na Uingereza za 2016 ziliwakuta huko kwa watumiaji. Hatari ya kupata maambukizi ya chakula kichafu, na ya yule difficile, nayo huongezeka. Kwa matatizo mengi dozi ni ya wiki nne hadi nane, lakini nakutana na watu wenye miaka mitano nayo. Sababu moja ni kwamba ukiacha ghafla kiungulia kinarudi kwa hasira. Watafiti wa Denmark mwaka 2009 waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote dawa ya kundi hili kwa wiki nane. Walipoacha, asilimia 44 walipata kiungulia au maumivu, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopewa kidonge tupu. Maana yake kiungulia cha wiki za kwanza si lazima kiwe ushahidi kwamba bado unaumwa. Punguza kwa ngazi: kama ni miligramu 40, shuka 20 kwa wiki mbili, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana, ukijisaidia na dawa ya asidi ya kutafuna. Uliza pia kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo. Ili kisidanganye, omeprazole isimamishwe wiki mbili kabla na antibaiotiki wiki nne. Aliyewahi kutokwa damu kwenye kidonda, au anayetumia aspirini ya moyo akiwa na hatari ya kuvuja damu, asiguse ratiba yake bila daktari.

Diclofenac na ibuprofen. Watu wanajua zinaumiza tumbo la juu. Wachache wanajua kwamba zinachubua pia utumbo mwembamba, na bakteria wana mkono humo: ini huifunga diclofenac ili itoke, bakteria wanaifungua tena ndani ya utumbo. Omeprazole unayopewa pamoja nayo inalinda tumbo, haiulindi utumbo huo wa chini. Tumia kwa siku chache, kwa dozi ndogo inayotosha, usichanganye mbili za kundi hilo. Kwa homa na kichwa, paracetamol itangulie, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima. Goti moja linalouma linaweza kutosheka na dawa ya kupaka.

Metformin ni habari ya furaha. Inabadilisha bakteria wa tumboni, na sehemu ya nguvu yake dhidi ya sukari inaonekana kupitia kwao: mwaka 2017 panya wasio na bakteria walipopandikiziwa choo cha wagonjwa waliotumia metformin, miili yao iliimudu sukari vizuri zaidi. Gesi na kuharisha kwa wiki za mwanzo ni usumbufu, si sababu ya kuacha. Meza na chakula, anza na dozi ndogo upande taratibu, na tumbo likigoma muulize daktari kuhusu ile inayoyeyuka polepole. Ukishaitumia miaka, pimwa vitamini B12, hasa miguu ikianza kuchomachoma.

Madini ya chuma nimeyaweka mwisho kwa sababu yanawahusu watoto wetu wa pwani hasa. Bakteria wengi wabaya wanayapenda mno. Katika Kaunti ya Kwale, Kenya, watoto wa miezi sita waliwekewa kwenye uji unga wa virutubisho wenye madini ya chuma kwa miezi minne. Bakteria wa jamii ya E. coli wanaoleta maradhi waliongezeka matumboni mwao, na dalili za uvimbe wa utumbo zikapanda. Utafiti mwingine wa ukanda huohuo, mwaka 2017, ulionyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi maalumu zinazowalisha bakteria wazuri kunapunguza madhara hayo. Kwa hiyo mtoto apewe dawa ya damu kwa kipimo cha kliniki, baada ya kuangaliwa malaria, si kwa chupa ya kununua kila anapoonekana amekonda. Mama mjamzito asikatishe vidonge vyake. Upungufu wa damu wakati wa kujifungua ni hatari kubwa kuliko tumbo kuvurugika. Ameze na chungwa au juisi ya ukwaju, chai ya rangi aisogeze mbali kwa saa moja au mbili, na asishtuke choo kikiwa cheusi.

Na mama anayenyonyesha akiandikiwa antibaiotiki amwambie daktari kwamba ananyonyesha. Dawa nyingi zinaruhusiwa, na maziwa yake yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, zipo kwa ajili ya kuwalisha bakteria wake wa kwanza. Aendelee kumnyonyesha, akiangalia tu kama mtoto anaharisha au ana utando mweupe mdomoni.